Mhariri Asiyeombwa

Kuna mhariri mmoja ambaye sisi wahakiki hatujamgusa, ilhali kazi yake inasomwa Likoni, Kisauni na Changamwe kuliko ya mshairi au mwandishi wa riwaya yeyote. Hupitia kila ujumbe kabla haujaondoka. Hubadilisha neno pale pale kidole kinapogusa nafasi, haombi ruhusa, na jina lake halionekani popote. Namsema otokorekti, kile kisahihishi cha simu. Watu humcheka, humtukana, humzima, humwasha tena. Kumhakiki ndiko hatujafanya. Tumemchukulia kama hitilafu ya mtambo, kumbe naye ni msomaji. Ana maoni yake kuhusu neno lipi ni neno, lugha ipi ni lugha, na mwandishi gani wa kuaminiwa. Msomaji mwenye maoni huhojiwa. Basi tumhoji.

Tuanze na kazi yenyewe. Simu nyingi zinazouzwa huku hutoka dukani kibodi ikiwa ya Kiingereza. Hapo andika "sawa" uone "saw a". Andika "bado", utaletewa "bad". "Kama" inakuwa "karma", "sana" inakuwa "sand". Simu hazifanani, na kila mmoja ana orodha yake ya vituko. Vijana wa baraza wanaweza kukuchekesha nazo hadi Isha. Lakini zisome orodha hizo polepole, kicheko kinapungua. "Nipe" hugeuzwa "nope". La kwanza ni ombi, la pili, kwa Kiingereza cha mtaani, ni kukataa. Mtu kaandika akiomba, mwenzake kapokea hapana. "Poleni" hugeuka "pollen", ile chavua ya maua. Sasa fikiria kundi la WhatsApp la mtaa, lile la kutangaziana misiba, harusi na maji kukatika. Mtu amefiwa na mamake asubuhi, na katika rambirambi arubaini anazozipokea, tano zinamwambia "Pollen sana familia". Walioandika hawakuwa na mzaha. Anayesoma naye hana nguvu siku hiyo za kufumbua mafumbo.

Yupo pia yule aliyekwama Likoni kwenye foleni ya feri, jua la saa saba, meli moja imeharibika kama kawaida. Anaulizwa yuko wapi. Kwa Kimvita chake anajibu, "Niko ndiani," yaani niko njiani. Simu inamtuma "Niko Indian". Mvuvi wa Mtongwe amepewa uraia na kibodi.

Shtaka langu la kwanza ni hili: kosa la kidole na kosa la otokorekti si kosa la aina moja, na hili la pili ni baya zaidi. Kidole kikiteleza, huandika "dawz". Yeyote anayejua Kiswahili atalisoma "dawa" bila kusita, kwa sababu kosa limeacha alama. Linaonekana kuwa kosa, na kwa kuonekana linamwita msomaji alitengeneze. Otokorekti huiondoa alama hiyo. Hukuwekea "dawn", neno zima, safi, lenye tahajia isiyo na doa, na msomaji hana sababu ya kulishuku. Uongo ulionyooka unapita pale ambapo ukweli uliopinda ungesaidiwa.

Namjua mama mmoja huku kwetu ng'ambo ya Likoni ambaye mwanawe anafanya kazi Ghuba. Ana presha. Alimwandikia mwanawe, kwa heshima na ufupi wa mama asiyetaka kusumbua, kwamba dawa zimeisha amtumie. Ujumbe ulifika ukisema "Dawn zimeisha nitumie". Kijana akadhani ni bidhaa fulani ya nyumbani, sabuni pengine, au karatasi za chooni, kitu cha kungoja mwisho wa mwezi. Akajibu, "Sawa mama, nikipata." Mama alikaa siku tisa bila kidonge. Alipokuwa akiyasimulia hayo, kizunguzungu hakukitilia maanani sana. Kilichomuuma ni lile "nikipata". Alikuwa ameshaanza kujiambia kwamba mtoto amebadilika. Angeandika "dawz", angepigiwa simu jioni ile ile.

Watu wa pwani wanapaswa kuielewa tofauti hii kuliko wengine, maana tumeandika kwa muda mrefu kwa hati iliyomwachia msomaji kazi. Kabla ya herufi za Kirumi kushika, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi za p, ch, g wala v. Herufi moja ilibeba sauti zaidi ya moja. Aliyepokea waraka kutoka Lamu au Pate alijaza mwenyewe kilichokosekana, kwa kumjua aliyeandika, kwa kulijua jambo lenyewe, na ikiwa ni utenzi, kwa kuisikia vina na mizani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yametufikia kwa njia hiyo: yalihifadhiwa na watu kama Mwalimu Sikujua, waliosoma hati wakasikia sauti. Usahihishaji ulikuwa upande wa anayepokea, tena mtu anayekujua. Simu imeuhamishia upande wa kutuma, kwa asiyekujua kabisa.

Utasema, si uweke tu kibodi ya Kiswahili? Ipo. Ukiingia kwenye mipangilio utaipata, na fundi simu yeyote wa Kongowea atakuwekea ukingoja. Inasaidia kweli, na nawashauri wasiojua wafanye hivyo leo. Lakini hapo ndipo linapoanza shtaka la pili.

Otokorekti katika sura yake ya kawaida ni orodha ya maneno na hesabu. Hutazama ulichoandika, hutazama herufi zilizo jirani kwenye kibodi, hutazama orodha yake, kisha hukisia neno lililo karibu na linalotumika mara nyingi. Kwa Kiingereza mpango huo una mantiki. Kitenzi cha kupika kwa Kiingereza kina maumbo manne: cook, cooks, cooked, cooking. Sasa chukua "pika". Nafsi sita mara nyakati nne, na, li, me, ta, tayari ni maumbo 24. Kanusha yote, ni 48. Yapitishe kwenye kauli tano tu, pika, pikia, pikisha, pikwa, pikika, yamefika 240. Hatujamtaja anayepikiwa. Hatujagusa ngeli nyingine, wala "aliyempikia", wala "wangelipikiwa". Hakuna orodha itakayoyamaliza, kwa sababu Kiswahili hakihifadhi maneno hayo mahali. Kinayajenga mdomoni mwa msemaji, kila mara, kwa sheria ambazo mtoto wa miaka minne anazijua.

Mashine yenye orodha ikikutana na lugha inayojenga, hufanya anachofanya karani mvivu: kile ambacho hakimo kwenye daftari lake hukiona hakipo. Umeajiri kijana dukani, rafiki anataka kujua kama anakufaa. Anaandika "amekufaa?" Kibodi ya Kiswahili inayoliona "amekufa" mara elfu kwa kila "amekufaa" moja itavutwa na lile la wengi. Herufi moja imeondoka, na kijana mzima amezikwa.

Wala tusidanganyane kwamba tatizo ni ugumu wa Kiswahili. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza programu inayokichambua kitenzi cha Kiswahili kwa sheria, kiambishi baada ya kiambishi, na mwaka 1992 alikuwa ameshachapisha jinsi inavyofanya kazi. Mwaka 2004 wataalamu waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ni kabla ya simu hizi za kugusa kuwapo. iPhone ya kwanza ilitoka 2007. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye kibodi kuona kwamba sisi ni wateja wa kuhangaikiwa.

Shtaka la tatu linanigusa zaidi kama mtu wa Mombasa. Tuchukulie kibodi ya Kiswahili imekamilika, inajua kila kiambishi. Inajua Kiswahili cha wapi?

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapa hapa Mombasa wa kuamua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kimvita, lugha ya mji uliokuwa mwenyeji wa mkutano, kilikuwa na watetezi wake, lakini kilichochaguliwa ni Kiunguja. Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930, ikaandaa makamusi, ikasoma miswada ya vitabu vya shule na kuipa au kuinyima idhini. Tangu hapo mtoto wa Kisauni aliambiwa darasani kwamba macho si "mato", kichwa si "kitwa", chini si "tini", na kucheka si "kuteka".

Sitaki kuililia 1928. Usanifishaji umenipa wasomaji. Kwa sababu yake makala haya yanaweza kusomwa Mwanza, Bukavu na Muscat, na mwenye kudharau faida hiyo hajawahi kuandika kwa ajili ya watu asiowajua. Ila iangalieni mipaka ya Kamati ile. Ilisahihisha vitabu. Haikuwa na mamlaka juu ya barua ya mtu kwa mamake. Mwalimu aliyekuchapa kwa kuandika "ndia" katika insha hakukufuata nyumbani kulichungulia kartasi ulilomwandikia mchumba. Lugha ilikuwa na sebule na ilikuwa na uani, na kila mtu alijua sanifu ni ya sebuleni. Otokorekti ameingia uani. Anayasahihisha mazungumzo ya kitandani, ya jikoni, ya mtu na shangaziye, kwa kipimo kilichotungwa kwa ajili ya vitabu vya darasa la nne.

Na hapo Kimvita kina shida ya peke yake, maana maneno yake mengi kwa sanifu yana maana nyingine. "Ndoo tini" huku ni njoo chini. Kwa kibodi ni chombo cha maji na tunda. "Waniteka?" ni swali la mpenzi anayeuliza kama unamcheka, na kwa sanifu ni swali la mtu anayetekwa nyara. Maneno haya kibodi huyaacha yapite, si kwa kuyaelewa, bali kwa kudhani ni mengine, kisha likija neno la pili hulibashiri kwa kuifuata maana ile isiyo yetu. Yale yasiyofanana na chochote, "ndiani", "mtele", "nshafika", huyapiga mstari mwekundu. Usisahau pia Mdigo wa Likoni anayechanganya Kidigo na Kiswahili ndani ya sentensi moja, wala mkaazi wa Changamwe, pale penye viwanda na wafanyakazi wa bandari, anayelala kwa Kikamba au Kijaluo na kuamka kwa Kiswahili. Kwa huyu mhariri wetu, wote hao ni makosa ya chapa.

Mhariri mzuri hufanyaje? Mfano tunao. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kwa sababu za kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Yamo katika Kimvita. Mwaka 1973 sanifu ilikuwa imeshatawala shule kwa zaidi ya miaka 40, na ingekuwa rahisi kuyanyoosha maneno yale ili mwanafunzi wa bara asisumbuke. Hayakunyooshwa. Kitabu kikasomwa Afrika Mashariki nzima, kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Msomaji asiyekijua Kimvita alikisogelea, akauliza, akajifunza. Kumbe msomaji akiheshimiwa anaweza.

Anayemtetea otokorekti ana hoja, na tumsikilize. Atasema vidole vya mzee wa miaka sabini havitoshi kwenye vijiherufi vile. Atasema dereva wa tuktuk anayeandika huku anasubiri abiria hana nafasi ya tahajia. Ni kweli, na kubashiri neno ni msaada mkubwa. Lakini kupendekeza na kubadilisha ni mambo mawili. Ukinionyesha neno juu ya kibodi, nitalichukua nikilitaka. Ukilibandika mahali pa langu bila kuniuliza, umeandika wewe, na jina lililo chini ni langu. Wazee wa mji huu wanawakumbuka waandishi wa barua waliokaa na taipureta zao, wakiwaandikia wasiojua kusoma. Nao walibadilisha maneno, walinyoosha, walipamba. Ila kabla ya kufunga bahasha walikusomea. Ulikuwa na nafasi ya kusema, "A-a, bwana, sivyo nilivyosema."

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya dhamana. Siku hizi neno lolote baya lina mahali pa kukimbilia: "Ni simu hiyo." Umemjibu mwenye duka jeuri, ni simu. Umeandika jina la mwanamke mwingine, ni simu. Umeulizwa deni ukajibu "nope", ni simu, nilitaka kusema nipe muda. Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine si kweli, na anayesoma hana pa kupimia. Ujumbe wa maandishi umepoteza ile nguvu ya kuwa ushahidi wa nia. Nadhani hii ni sababu moja, japo si ya pekee, ya watu wengi kuacha kuandika na kutuma sauti. Mama yule wa dawa sasa hutuma sauti tu. Hutamka "ndia" na "mato" kama alivyolelewa, na hakuna anayemsahihisha. Ni nafuu kwake, na ni hasara kwa maandishi. Mji uliojibizana kwa mashairi na Lamu tangu enzi za Muyaka unaanza kuamini kwamba maandishi si mahali pa lugha yake ya nyumbani.

Wapo waliokataa kushindwa. Wanaandika neno lao, simu inabadilisha, wanarudi, wanaliandika tena, mara ya tatu, ya nne, hadi simu inasalimu amri na kuliweka kwenye kamusi yake ya ndani. Ukiweza kuifungua kamusi hiyo utaona picha ya mtu: majina ya watoto wake, Mwanakombo, Mwinyi, vyakula vyake, mahamri, mbaazi, viazi vya karai, matusi yake, jina la utani la mumewe. Ningeipenda kamusi moja kama hiyo kuliko makamusi mengi yaliyo rafuni kwangu. Lakini ni kazi isiyolipwa, na aghalabu huishia kwenye simu ile ile. Ikiibiwa kwenye msongamano wa kushuka ferini, au ikitumbukia baharini, mara nyingi mwenyewe huanza upya, "ndiani" mara ya kwanza, "ndiani" mara ya pili.

Hukumu yangu basi. Kama kitabu, otokorekti ni tafsiri mbaya ya maisha yetu iliyofanywa na mtu aliyekaa mbali, akashikilia kwamba nakala yake ndiyo asili. Simtaki afe. Namtaka ashuke cheo: atoke kwenye uhariri arudi kwenye ukarani, apendekeze anyamaze, apige mstari asifute. Wenye kibodi wana uwezo wa kulifanya hilo liwe ndiyo hali ya mwanzo ya kila simu inayoshuka bandarini Kilindini, badala ya kulificha ndani ya mipangilio ambayo mama wa Likoni hataifikia. Na wenye lugha, yaani vyuo vyetu, wachapishaji wetu, na sisi waandishi, tuna deni la kuyatoa maneno ya Kimvita na ndugu zake yakiwa yameandikwa, kwa wingi, waziwazi, mashine iyakute. Mashine haiwezi kujifunza lugha ambayo wenyewe tunaionea haya kuiandika.

Kwa sasa, ukipokea ujumbe wenye neno zuri mno lisiloeleweka, piga simu uulize. Pengine ni mtu aliyeomba dawa.